Koti la Baba Kwenye Ukuta wa Studio

Nilisoma kompyuta miaka mitatu kabla ya kuigusa. Chuoni Lubumbashi profesa aliichora ubaoni kwa chaki, kisanduku hiki, kisanduku kile, mishale katikati, na sisi tukanakili kwenye madaftari. Mashine zenyewe zilikuwa ndani ya chumba chenye kufuli kubwa. Wenzangu wengine walisema zilishaibwa zamani na kilichobaki ni kufuli. Kipanya tulikijua kwa maelezo: kina mpira tumboni, kina vifungo viwili, kinaongoza mshale. Kwenye mtihani wa mdomo nilikieleza vizuri hata profesa akaitikia kwa kichwa. Nilirudi nyumbani Likasi na diploma ndani ya bahasha ya plastiki, na baba akaizungusha mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akiishika kwa pembe asije akaichafua.

Hiyo ni aibu ya kwanza, na ni ndogo. Naiandika ili ile nyingine ieleweke.

Ilikuwa miaka ile ambayo kampuni ya shaba ilikuwa bado ipo lakini kazi haipo. Baba, fundi wa mashine tangu ujana, aliamka mapema kama zamani, akavaa nguo zake za buluu za kazi, akaenda hadi kwenye geti la kiwanda, akakaa na wenzake juu ya ukuta wa matofali mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akarudi. Mama aliuza unga sokoni Kikula. Mimi nilikaa miezi nikiandika barua za kuomba kazi kwa ofisi ambazo hazikuwa hata na karatasi ya kunijibu.

Siku moja mama alirudi kutoka sokoni akiwa na habari.

"Kuko mwenye studio ya picha pale nyuma ya soko. Ameleta ordinateur, ile kompyuta ya masomo yako, na machine ya kunakili picha. Anatafuta mutoto wa masomo. Nimemwambia miye niko naye."

"Mama, mimi sijawahi..."

"Haujawahi nini? Si ulisoma miaka tatu?"

Ningeweza kumweleza habari ya ubao na chaki, lakini baba alikuwa pale akisikiliza, na ile bahasha ya plastiki ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kichwa chake.

Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukuta wa nyuma ulikuwa na pazia lililochorwa ndege ikipaa kwenye anga la buluu. Mbele yake palikuwa na kiti kimoja, na kwenye msumari kando ya mlango lilining'inia koti jeusi la wateja wote. Yeyote aliyehitaji picha ya kuweka kwenye faili ya shule, ya leseni au ya kazi alilivaa, akapigwa kwa ile kamera inayotoa picha papo hapo, akalivua, akamwachia aliye nyuma yake. Kola ilikuwa imekakamaa kwa jasho la watu. Wanawake wa sokoni walisema koti lile lingeweza kwenda nyumbani lenyewe bila mtu ndani.

Mwenye studio, ambaye sote tulimwita patron, alinipokea kama mgeni wa heshima. Lakini mwenye kujua ile mashine alikuwa mpwa wake, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeacha sekondari katikati na kujifunza kazi katika studio moja ya Lubumbashi. Alikuja kukaa miezi michache tu, aisimamishe kazi, arudi kwao.

"Weye njo licencié?" akaniuliza, yaani kama mimi ndiye yule msomi wa chuo.

"Ndiyo."

"Sawa. Kaa."

Nilikaa. Nikashika kipanya kwa mara ya kwanza maishani mwangu na kukisukuma kulia. Mshale ulikwenda kulia. Nikaendelea kukisukuma mpaka kikafika ukingoni mwa meza, na mshale ulikuwa bado katikati ya kioo. Sikujua la kufanya. Nilisogeza kikombe cha chai cha patron nipate nafasi. Kisha nikasogeza madaftari. Nikafikiria kuisogeza meza.

"Licencié, inyanyue tu," akasema. "Inyanyue, uirudishe katikati. Haiko na meno."

"Najua," nikamjibu. "Nilikuwa napima urefu wa waya."

Alikirudisha kikombe cha patron mahali pake. Hivyo ndivyo nilivyoanza pale, kwa kusema najua.

Sitaki kusema sikujifunza. Nilijifunza kwa bidii ya mtu anayeogopa kukamatwa. Nilijifunza kulaza picha kwenye kioo cha ile mashine ya kunakili, inayoipeleka picha ndani ya kompyuta, bila kuacha alama za vidole. Nilijifunza kupunguza giza usoni, kwa sababu ile kamera ilitufanya sote tuonekane tumetoka ndani ya tanuru. Nilijifunza lasso, kamba ya kuzungushia kitu unachotaka kukikata: unabonyeza, unafuata ukingo polepole, na huachii kidole mpaka urudi ulipoanzia. Ukiachia mapema, kamba inajifunga yenyewe kwa mstari ulionyooka na kukata bega la mtu. Nilikata mabega mengi. Programu ile ilikubali kurudi nyuma hatua moja tu. Ukikosea mara mbili mfululizo, kosa la kwanza limekuwa lako.

Nilijifunza pia kupanga picha katika tabaka, moja juu ya nyingine, kama karatasi za kioo. Hilo ndilo lililotufikisha kwenye koti.

Wazo lilikuwa la msichana. Alimwambia mjomba wake kwamba watu wamechoka kuvaa jasho la wengine, na kwamba akipata picha moja ya mwanamume aliyevaa koti zuri, aliyetazama mbele, mabega yote mawili yakiwa ndani ya picha, tungeweza kulikata lile koti na kumvalisha kila mteja bila yeye kuligusa.

"Nani iko na picha ya vile ku nyumba?" patron akauliza.

Mimi nilikuwa nayo.

Ilikuwa ndani ya bati la biskuti la mama, pamoja na kadi za ubatizo. Baba alipigwa picha ile siku aliyopewa medali. Medali hiyo waliipata wafanyakazi waliotimiza miaka ishirini na mitano kwenye mashine bila kusababisha ajali. Baba alipenda kueleza hivi: hukupoteza kidole chako wala cha mwenzako. Ilikuwa ndogo, ya shaba, ikiwa na dohani ya kiwanda katikati na utepe mfupi juu. Koti alishonewa kwa ajili ya siku hiyo na fundi cherehani wa Kikula, la kijivu, lenye ukosi mpana. Aliliuza mwaka ambao kampuni iliacha kugawa unga. Kabla ya kuliuza aliitoa medali, akaifunga ndani ya kitambaa cha mkono, akaiweka ndani ya bati lile lile.

Niliichukua picha bila kuomba. Nilijiambia kwamba baba amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa uani ananoa kisu, namsikia.

Kukata koti kulinichukua siku mbili. Nilifuata bega la kushoto, bega la kulia, ukosi, vifungo. Mwisho ilibidi kichwa kiondoke, kola ibaki wazi kwa ajili ya vichwa vya watu wengine. Nilikizungushia kamba, nikabonyeza kitufe, na baba akatoka ndani ya koti lake.

"Hapo," msichana akasema nyuma yangu. "Muzuri. Sasa hii medali tuitoe. Nikuonyeshe tampon?"

Tampon ilikuwa mojawapo ya alama zilizopangwa pembeni mwa kioo, yenye mchoro wa mhuri wa ofisini. Nilikuwa nimemwona akiitumia mara moja kwenye shavu la bibi harusi. Alibonyeza kitu kwa mkono wa kushoto, akagusa ngozi safi, akapita juu ya doa, na doa likatoweka. Alichobonyeza sikukiona. Nilikuwa nashughulika kuitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha.

"Tampon naijua," nikasema.

"Unaijua?"

"Tuliisoma."

"Haya basi, utaitoa weye."

Nafikiri hata leo ningeweza kuonyesha mahali nilipokuwa nimeweka kiwiko wakati nasema neno lile. Ningeweza kusema hapana, nionyeshe. Dakika tano. Lakini alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi nilikuwa na diploma ukutani kwetu, na tayari kulikuwa na habari ya waya niliokuwa napima.

Alipokwenda kula nilijaribu peke yangu. Nilichukua kifutio, nikafuta medali. Ilitoweka, na mahali pake pakabaki tundu jeupe kifuani, kama mtu aliyepigwa risasi. Nyuma ya medali hapakuwa na nguo. Jambo hilo halikuwa limenipitia akilini, kwamba kamera haikuona kilichofichwa nyuma. Nilirudi nyuma hatua moja haraka, medali ikarudi, nikahifadhi faili kabla sijaharibu zaidi.

Mteja wa kwanza alikuwa kijana muuza mitumba aliyehitaji leseni. Nilimvalisha. Alijitazama kwenye kioo cha kompyuta akacheka kwa furaha.

"Na hii kintu ku kifua ni nini?"

"Ni pambo," nikamjibu.

"Iache! Iko muzuri sana. Niko kama chef, mukubwa ya kazi."

Nikaiacha. Nilijiambia mteja ndiye aliyetaka. Yule wa pili naye alitaka. Patron aliipenda medali kuliko koti lenyewe. Alichapa picha za mfano akazibandika ukutani kwa safu, muuza mitumba, mwalimu, mchimbaji kijana kutoka Kakanda, mpaka mama mmoja muuza samaki, wote ndani ya koti la kijivu lenye ukosi mpana, wote na miaka ishirini na mitano bila ajali. Juu yake akaandika kwa kalamu nene: KUYA NA SHATI, UTOKE CHEF, yaani njoo na shati, utoke mkubwa.

"Licencié," msichana aliniuliza wiki moja baadaye, "ile medali haujaitoa bado?"

"Patron anaipenda."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli niliweza kujificha ndani yake muda mrefu.

Nyumbani baba aliniuliza kila jioni wakati wa kula nimejifunza nini. Hakuna aliyenisikiliza vizuri kuliko yeye. Nilimweleza kamba ya kukatia, akaelewa mara moja.

"Sawa na kukata bati," akasema. "Mukono ikitetemeka, bati imeharibika."

"Lakini hapa unaweza kurudi nyuma, baba. Hatua moja."

"Hatua moja inatosha. Sisi hatukukuwa nayo hata hiyo."

Hapo ndipo ningemwambia. Nilikuwa na sentensi tayari, nimeitunga njiani: baba, kuna jambo la koti lako. Halafu nikaanza kuipima. Ikianza na koti, ataniuliza picha niliitoa wapi. Ikianza na picha, itaonekana nimeiba. Ikianza na medali, itabidi nieleze tampon, na tampon ikielezwa, itabidi nieleze miaka mitatu ya chuo. Nikameza tonge la ugali, nikasema bukari ni nzuri leo.

Kisha habari ikaja kutoka Kambove, mji jirani wa migodi, kwamba karakana moja itafunguliwa tena, na watachukua mafundi wachache wa zamani. Kila mmoja apeleke faili yenye picha. Baba hakulala mchana siku hiyo. Alitembea uani akihesabu kwa vidole watu anaowajua kule.

"Nitapiga picha kwenu," akaniambia.

"Baba, kuna studio ile karibu na kanisa, kamera yao ni nzuri zaidi."

Alicheka. "Mutoto yangu eko ku ordinateur, na miye niende kwa mwengine? Bantu batasema nini?"

"Utakuja lini?"

"Siku moja."

Niliamua kwamba nitaziondoa zile picha ukutani kabla hajaja. Sikujua bado ni sababu gani nitakayompa patron, na nilitaka sababu iwe nzuri, kwa hiyo nilijipa mpaka Alhamisi. Baba alikuja Jumatano.

Nilikuwa nimeupa mlango mgongo. Nikasikia, "Jambo yenu," na mkono wangu ukasimama juu ya kipanya.

"Jambo, papa, karibu," patron akasema. Hakuwa amewahi kumwona baba. "Picha ya dossier? Ya faili?"

"Njo hiyo."

"Ya Kambove? Bote beko nakuya juu ya Kambove. Hata juzi tulifanya vijana watatu. Lakini papa, shati peke yake haifai. Kule banaangalia mutu. Angalia ukuta. Tunakuvalisha veste, koti ya muzuri, kwa ordinateur, hakuna jasho ya mutu. Na medali ndani. Hii medali njo inafungua mulango."

Nilisikia viatu vyake vikielekea ukutani. Vilikuwa vile vya misa, vyenye kisigino kigumu. Kisha vikasimama.

Sikugeuka. Kioo cha kompyuta kilikuwa na sehemu nyeusi pembeni mwa picha, na humo nilimwona, mdogo, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Vidole viwili vya mkono wake vilikuwa ndani ya mfuko wa shati, vimeshika pembe ya kitambaa nilichokijua. Alikuwa ameileta medali yenyewe. Alikuwa amekuja kupigwa picha akiwa nayo kifuani, na alitaka mwanawe ndiye amtengenezee picha hiyo.

Alitazama safu ya kwanza, akatazama ya pili. Vidole vikatoka mfukoni bila kitu. Akafunga kifungo cha mfuko.

"Hii veste," akauliza, "ilitoka wapi?"

"Ah, papa, hiyo ni siri ya ordinateur!" Patron alicheka. "Licencié wetu pale njo aliitengeneza. Kijana ya université."

"Ya université."

"Haongee sana, lakini eko na akili."

"Muzuri," baba akasema.

Hapo alikuwa ameniachia mlango wazi. Alingoja. Ningegeuka na kusema huyu ni baba yangu, na koti ni lake. Badala yake nilifikiri. Nikisema, patron atajua koti lilitoka kwetu bila ruhusa. Msichana atajua. Pengine baba mwenyewe hataki ijulikane, pengine ndiyo maana hajaniita, pengine kugeuka kutamwaibisha zaidi. Niliendelea kupanga pengine hizo mpaka nikasikia kiti kikilia chini ya uzito wake na kamera ikipiga.

Msichana aliitikisa picha ikauke, akailaza kwenye kioo cha kunakilia. Uso ulipotokea mbele yetu aliinama karibu. Alikuwa ameuona uso ule miezi mitatu kabla, siku niliyoufuta.

"Licencié," akasema kwa sauti ya chini. "Huyu..."

"Ndiyo," nikasema.

Alirudi nyuma hatua moja.

Nililivuta koti juu ya baba. Kwa wateja wengine ilikuwa kazi ya kunyoosha na kufinya, kwani hakuna aliyekuwa na mabega yale. Sasa mabega yalikaa yenyewe, hata lile la kulia lililokuwa chini kidogo kwa sababu ya miaka ya kukaza nati. Shingo ndiyo iliyokataa. Haikujaza kola. Huku na huku palibaki nafasi, na ndani ya nafasi hiyo lilionekana anga la buluu la lile pazia la ndege.

"Papa amekonda kidogo," patron akasema juu ya kichwa changu. "Finya kola."

Nilifinya kola. Nikafinya tena.

Baba alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Alinukia sabuni ya kufulia na rangi ya viatu. Alijitazama ndani ya koti lake kwa muda.

"Patron," akasema, "medali muitoe."

"Papa! Hiyo njo uzuri yote!"

"Muitoe. Kule Kambove kuko bazee banajua hii kintu. Bakiiona ku kifua ya batoto, halafu baione ku yangu, batasema na yangu ni ya ordinateur."

"Lakini papa, weye na umri yako, banaweza kuamini!"

"Njo vile," baba akasema. "Banaweza."

"Haya. Licencié, itoe."

Nilikuwa nimeshika kipanya. Niliomba umeme ukatike. Ulikuwa ukikatika kila siku, mara nyingine mara tatu, na ningesimama na kusema pole, papa, rudi kesho. Haukukatika. Wote watatu walikuwa nyuma yangu wanangoja.

"Sijui," nikasema.

"Haujui nini?" patron akauliza.

"Tampon. Sikuijua tangu mwanzo." Niligeuka, lakini nilimgeukia msichana, si baba. "Nionyeshe."

Nilingoja acheke. Hakucheka.

"Mukono ya kushoto, shika Alt," akasema. "Vile. Sasa gusa nguo safi, pale chini ya bega. Achia Alt. Sasa pita juu ya medali, polepole, sawa na mutu anapaka rangi."

Nilipita. Nguo ya kijivu ilitoka chini ya bega ikaja kufunika utepe kwanza, kisha dohani, kisha ukingo wa shaba. Hata chai isingepoa. Katika mji mzima nilikuwa nimeiacha kwenye vifua vya kila aliyeipenda, na mtu wa kwanza niliyemvua ndiye peke yake aliyeipata kwa haki.

"Ni vile tu?" baba akauliza.

"Ni vile tu, papa," msichana akajibu.

"Kintu kidogo sana."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayeangalia kazi ya fundi mwingine. Alipokea picha zake ndani ya bahasha, akamshukuru patron, akamshukuru msichana. Kwangu alisimama kidogo.

"Asante, fundi," akasema, akatoka.

Mchana ule nililifungua faili la koti nikaondoa medali, nikabandua picha zote ukutani. Patron alinifokea kwa kumharibia biashara, na nilipomweleza yule mzee ni nani, alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya ile ndege ya pazia. Msichana alikuwa anakusanya vitu vyake, kwa kuwa Jumamosi alikuwa anarudi Lubumbashi.

"Nilijua haujui," akaniambia. "Siku ya kwanza nilijua. Nilingoja uniulize."

Nyumbani nilianza ile sentensi. "Baba, lile koti..."

"Kula," akasema. "Bukari inapoa."

Jina la baba lilikuwamo kwenye orodha ya waliochukuliwa Kambove. Jumatatu ya kwanza nilimsindikiza mpaka mahali lori lilipokuwa likipakia watu. Wazee walikuwa wengi, wamevaa nguo zao za buluu zilizofuliwa, wanataniana kama vijana wa shule. Wawili au watatu walikuwa na medali zao kifuani. Mmoja aliyekaa na baba miaka mingi kwenye ukuta wa geti alimpiga begani.

"Na yako iko wapi? Leo si njo siku yake?"

"Pini ilivunjika," baba akajibu.

"Kila kintu imevunjika mu hii inchi!" yule mzee akasema, na lori zima likacheka, baba pamoja nao. Hakunitazama. Alipanda, akashika ubavu wa lori, wakaondoka.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa amekwishakwenda sokoni. Nililishusha bati la biskuti, nikafungua kitambaa, nikaitoa medali na kuigeuza. Pini ilikuwa nzima. Niliifungua, nikaifunga, ikalia tik. Nikaijaribu tena. Kisha nikairudisha ndani na kukikunja kitambaa mara nne, pembe zikiwa ndani, kama anavyokikunja yeye.